Bukari Isiyongoja Kasumbalesa: Mafunzo Niliyopata Dilala

Nimekulia komini ya Dilala, hapa Kolwezi, na kwa miaka kumi na miwili sasa nalima katika chama cha akina mama na vijana wa kijiji kimoja kilicho kwenye njia ya ziwa la Nzilo. Mgeni akisikia jina la Kolwezi hufikiria kobalti. Mimi hufikiria bei ya meka moja (kopo la kupimia) ya unga. Ardhi yetu inatoa madini ya betri za dunia nzima, lakini sehemu kubwa ya mahindi ya bukari yetu, yaani ugali, hulimwa Zambia. Malori yakikwama mpakani Kasumbalesa, sufuria za Dilala hukaa tupu. Haya ndiyo niliyojifunza nikijaribu kuondoa aibu hiyo.

1. Nyumba haiwezi kulishwa na mkono mmoja

Wakati wa utoto wangu, mshahara wa mgodini ulikuja na kila kitu: unga wa posho, shule, hospitali, hata timu ya mpira. Wazee walisema kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama, nao walisema kweli, kwa kuwa hakukuwa na mzazi mwingine. Mwaka 1986 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 uzalishaji wa mwaka mzima haukufika hata tani 40,000. Mwaka 2003 ulianza mpango wa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaaga kazi. Hata kabla ya mpango huo, mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alipoandika juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga, jina la kitabu chake lilisema yote: watoto wa shaba walioachwa na baba yao.

Kwetu tulikula. Mama yangu alikuwa na kishamba cha mihogo nyuma ya reli, na majirani walikuwa wakimwonea haya: mke wa mfanyakazi, anashika jembe la nini? Miaka hiyo ya shida ilipofika, walewale walikuja asubuhi kuomba sombe (majani ya mihogo), naye hakumnyima mtu.

2. Mbolea ya kwanza iko kwenye kichuguu

Hili ndilo ninalolisimulia zaidi, kwa kuwa lilitugharimu.

Udongo wetu ni mwekundu na mchachu. Mvua za tangu Novemba hadi Aprili zimeuosha kwa karne nyingi. Mwaka wa kwanza tulipanda mahindi kama tulivyoona wengine wakipanda, tukapata magunzi membamba kama vidole. Mbolea ya dukani nayo hutoka nje, kwa dola, kupitia mpaka uleule. Tukakata tamaa, na walipokuja wafyatua matofali wakitaka kununua vichuguu vitatu vilivyosimama shambani, tukawauzia. Vichuguu vya Katanga si vile vidogo vya mahali pengine. Kimoja huweza kufika mita nane kwenda juu, kikibeba miti yake chenyewe. Walivikata, wakachoma matofali, wakaondoka.

Mzee mmoja wa kijiji alipita akaona mashimo. Hakutupigia kelele. Alisema tu, "Mama, mmeuza tumbo la shamba."

Tulikaa chini akatueleza. Mchwa hupandisha udongo wa mfinyanzi kutoka chini kabisa, mahali ambapo mvua haijaosha chokaa, ndiyo maana udongo wa kichuguu hauna uchachu ule. Wakulima wa zamani walipanda mtama na mahindi juu ya kichuguu chenyewe, au walikwangua pembeni na kutawanya shambani. Watafiti wa Lubumbashi wamevipima vichuguu hivi na kukuta ndani yake kalisi nyingi kuliko udongo wa jirani. Vingine umri wake unapita miaka elfu. Sisi tuliviuza kwa bei ya mifuko michache ya unga.

Leo tuna kanuni: hakuna kichuguu kinachouzwa bila mkutano wa wote, na hakuna kinachosawazishwa chote. Tunakwangua upande mmoja wakati wa kiangazi, tunaponda, tunachanganya na samadi ya mbuzi, tunaweka kiganja kimoja kwa kila shimo la mbegu. Upande wa pili tunawaachia mchwa waendelee na kazi, na mvua za kwanza zikija watoto wanaokota kumbikumbi wa kukaanga. Mahindi hayakuongezeka kwa muujiza. Yaliongezeka kidogo kila mwaka, hadi mwaka wa nne tukaacha kununua unga kuanzia Mei mpaka Desemba.

3. Ghala kwanza, mashine baadaye

Sisi tulianza kwa mashine ya kusaga, kwa sababu mashine inapendeza: ina kelele, watu wanaiona. Ikala dizeli, na mahindi ya kusaga hakuna, kwani wote tulikuwa tumeshauza mavuno mwezi wa Mei kwa wachuuzi waliokuja na magari. Januari tulinunua mahindi ya namna ileile kwa bei iliyotutoa machozi. Tungejenga kwanza ghala la matofali lenye sakafu iliyoinuka, mahindi yakauke vizuri na fukusi wakose njia, tungeokoa fedha nyingi. Tulilijenga mwaka uliofuata.

Mwaka 2024 ukame uliikausha Zambia hata serikali yao ikatangaza janga la taifa, na Agosti mwaka huohuo mpaka ukafungwa kwa siku kadhaa kwa ajili ya mgogoro wa biashara. Ghala letu lilikuwa na mahindi. Mwaka ule hakuna mtoto wa kijiji aliyelala na njaa, na hilo nalisema kwa fahari.

4. Mchimbaji ni ndugu, si adui

Niliwahi kuwasema vibaya vijana wanaokimbilia mashimo ya kobalti. Nilikosea. Machi 2018 tani moja ya kobalti ilikaribia dola 95,000. Nani angebaki na jembe? Mwaka uliofuata ilikuwa chini ya 30,000, nao wakarudi na mikono mitupu. Februari 2025 serikali ikasimamisha kuuza kobalti nje, hadi Oktoba ilipoweka viwango maalumu. Safari hiyo vijana wetu walikuwa na pa kurudi, maana tulikuwa tumewaomba, kila walipopata, waweke sehemu kwenye mbegu na mbuzi wa chama. Fedha ya shimo ndiyo iliyoezeka ghala letu.

5. Daftari lisomwe mbele ya watu

Akina mama wa hapa wanajua likelemba tangu zamani: kila mmoja anachanga, mmoja anabeba, zamu inazunguka. Tulipanua desturi hiyo tu. Sanduku lina funguo tatu kwa watu watatu wasio wa ukoo mmoja, na hesabu husomwa kwa sauti kila Jumamosi, chini ya mwembe, hata kama hakuna faranga iliyoingia.

6. Ijue haki yako, lakini usiifanye baba mpya

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoathirika, na asilimia 15 ya mrabaha iende kwa mamlaka za msingi kama komini, sekta na uchifu. Watu wengi wa vijijini hawajui hata namba hizo. Sisi tulinakili vifungu, tukavisoma kwa Kiswahili kijijini, ndipo tukaenda kwenye vikao vya kupanga fedha hizo tukiwa na orodha iliyoandikwa: daraja la kufikisha mazao sokoni, kisima, mbegu. Kikao kisichokuta orodha huamuliwa na wageni. Hata hivyo hatujapanga mwaka wetu wa kilimo juu ya fedha hizo, na hatutapanga, kwa kuwa shaba huisha na kampuni huondoka.

Ndugu msomaji wa Lualaba, ikiwa una hata kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, usingoje mradi. Kichuguu hukwanguliwa Agosti na Septemba, udongo ungali mkavu. Mbegu iwe imeshachaguliwa kabla ya mvua ya kwanza.