Wafua Chuma wa Ufipa

Mtu akamatapo jembe asubuhi hudhani ya kuwa majembe yametoka dukani tangu zamani. Sivyo. Kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914, watu wa pande hizi walikuwa wakipata chuma katika ardhi ya nchi yenyewe. Sokoni Ujiji, pamoja na samaki, mawese na chumvi ya Uvinza, viliuzwa vitu vya chuma vilivyovushwa ziwani kutoka Uvira. Lakini katika ufuo wa mashariki, walioacha alama kubwa ni Wafipa, na habari yao ndiyo tutakayojifunza.

Mtu atokaye Kigoma kwa maji kuelekea kusini hufika Kirando na Kipili. Akipanda milima ataingia nyanda za juu za Ufipa. Huko tanuru za kale zaitwa malungu. Moja ni ilungu. Ilijengwa kwa udongo wa kichuguu, urefu wake kama mita 3, pana chini na nyembamba juu. Chini yaliachwa matundu kuizunguka, nayo yakatiwa mirija ya udongo. Ajabu yake ni hii: haikuvukutwa. Moto ulipopanda uliivuta hewa wenyewe kwa matundu yale, kama dohani ivutavyo. Ndani yalijazwa makaa na mtapo, yaani mawe yenye chuma, moto ukawaka siku kadhaa, usiku na mchana.

Kilichotoka hakikuwa chuma safi, bali donge lililochanganyika na makaa na mavi ya chuma. Likavunjwa, likachomwa tena katika tanuru ndogo iitwayo kintengwe. Hii ndiyo iliyotaka mivukuto. Ndipo mhunzi alipopata cha kufua. Hesabuni basi: wachimbaji, wakata miti, wachoma makaa, wachukuzi, wahunzi. Jembe moja lilikuwa kazi ya watu wengi.

Tena kazi ilikuwa na miiko. Wafuaji walijitenga na wake zao, na tanuru ilipambwa kama bibi arusi, kwa kuwa ilitumainiwa kuzaa. Wako waliocheka. Mimi naona ya kuwa pamoja na miiko ile ilikuwako elimu ya kweli ya udongo, miti na moto. Hata Buhaya, wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walionyesha mwaka 1978 ya kuwa wafuaji wa kale walijua kupata chuma cha pua.

Ni nini basi kilichozima malungu? Ni majembe ya viwandani, yaliyokuja kwa meli na reli kwa bei nafuu, na kodi iliyowapeleka vijana mbali kutafuta fedha. Asomaye Samweli wa Kwanza, mlango wa 13, hukumbuka Waisraeli walivyokosa mhunzi, wakawaendea Wafilisti kunoa majembe yao. Wahunzi wa Ufipa walibaki wakifua vyuma vikuukuu. Bali ufundi wa kutoa chuma katika jiwe ulikwenda na wazee.

Profesa Bertram Mapunda alipochunguza Nkansi katika miaka ya 1990 alitambua ufundi wa namna tatu: katukutu, malungu na Barongo. Malungu mengine yangali yakisimama mashambani. Aliye jirani nayo asiyabomoe, naye awaulize wazee, aandike majina ya mahali. Mavi ya chuma hayafichiki: ni meusi, mazito, na mengine yana mikunjo kama asali iliyoganda.