Mazuku, gazi inayoua nyama, na namna ya kuijua

Ninyi mnaofuga ng'ombe na mbuzi upande wa Goma na Sake, mnalijua jina la mazuku. Mbuzi anaonekana amelala kishimoni kati ya mawe ya volkano, hana kidonda, amekwisha kufa. Watu wengine husema ni upepo wa wachawi. Sivyo. Ni gazi karboniki, inayotoka chini ya udongo. Haina rangi, na pua haiwezi kuijua.

Kwa nini mbuzi anakufa, na mchungaji aliye karibu anapona? Gazi hii ni nzito kupita hewa, mara moja na nusu. Inajaa shimoni kama maji katika bakuli. Kichwa cha mbuzi ki chini, cha mchungaji ki juu. Lakini mchungaji akiinama kumwinua mbuzi wake, anaanguka juu yake.

Usiku na asubuhi mapema, upepo ukitulia, ndipo gazi inapojaa zaidi. Katika shimo refu hubaki hata mchana.

Kwanza tazama: ndege na wadudu waliokufa, majani yaliyokauka. Kisha funga mshumaa kwenye fito ndefu, simama juu, upande upepo unakotoka, ushushe polepole. Ukizimika, gazi iko. Lakini sikia vema: ukiwaka, usiseme hakuna hatari! Moto huzimika gazi ikifika karibu sehemu 10 katika 100, na hapo mtu huzimia kwa dakika chache. Sehemu 5 tu, kichwa kinauma na pumzi zinakimbia.

Maji ya chokaa ni mazuri zaidi. Koroga chokaa kidogo katika maji, ziba, acha usiku mzima, kisha mimina maji maangavu ya juu, yasikuingie machoni. Shusha sahani ya maji hayo kwa kamba, na nyingine iache juu. Hewa yote hugeuza maji hayo polepole. Ya shimoni yakiwa kama maziwa upesi kupita ya juu, gazi iko. Wataalamu wa volkano wana vyombo vya kupima gazi kwa hesabu, lakini mchungaji hanacho.

Nyama akianguka, usishuke, hata akilia. Mtupie kamba yenye kitanzi, mvute ukiwa juu, mlaze penye upepo. Sindano haifai kitu hapo. Dawa yake ni hewa. Halafu zungusha shimo lile miti na miiba, maana watoto nao ni wafupi kama mbuzi.