Bendeji Nyumbani: Uchaguzi na Namna ya Kuifunga

Panga lililoteleza wakati wa kuchanja kuni, jembe lililoangukia mguu na uji uliomwagika ni vyanzo vya kawaida vya majeraha ya nyumbani. Katika dakika za kwanza aliye karibu ni jamaa au jirani, na atakachofanya kwa kitambaa na maji safi huweza kuamua iwapo jeraha litapona upesi au litatunga usaha.

Jambo la kwanza ni kuzuia damu, si kutafuta dawa. Kitambaa safi hukandamizwa juu ya jeraha kwa dakika 10 mfululizo bila kufunuafunua. Kuchungulia huko ndiko kunakobandua damu iliyokwisha kuganda. Kikilowa, kingine huongezwa juu yake, wala cha kwanza hakiondolewi. Kigae cha chupa kilichozama hakichomolewi; hukandamizwa pembeni mwake, na majeruhi hupelekwa kituoni kikiwa humo humo.

Damu ikikoma, jeraha dogo huoshwa kwa maji safi yanayotiririka, kisha ndipo bendeji huchaguliwa. Mkato mdogo hutoshwa na plasta. Jeraha kubwa zaidi hufunikwa kwanza kwa shashi iliyofungwa katika pakiti yake, ipatikanayo katika maduka ya dawa, kisha bendeji ya kuviringisha huishikilia. Pamba, ambayo nyumba nyingi huitegemea, haifai kugusa kidonda: nyuzi zake hunasa na kubandua ngozi changa inapoondolewa. Bendeji ya kuvutika ni ya kifundo kilichoteguka. Pasipo shashi, kipande cha kanga kilichofuliwa kwa sabuni, kikaanikwa juani na kupigwa pasi ya moto, chafaa kuliko bendeji iliyokaa wazi kabatini miezi kadhaa.

Kufunga huanzia karibu na vidole kupanda juu, kila mzunguko ukifunika takriban nusu ya uliotangulia. Vidole vyenyewe huachwa wazi, kwa kuwa ndivyo vitoavyo habari. Ukucha ukibonyezwa na kuachiwa, rangi yake hurejea ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, au vidole vikipoa, vikavimba au kufa ganzi, bendeji imekazwa mno na hulegezwa papo hapo, hata ikiwa usiku wa manane.

Jeraha la moto huwekwa chini ya maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, pete na bangili zikivuliwa kabla ya uvimbe, kisha hufunikwa kwa kitambaa safi kisichokazwa. Dawa ya meno, unga, majivu na mafuta ya taa huongeza madhara, tena humlazimu muuguzi kuyaondoa juu ya ngozi ile ile inayouma.

Palipoumwa na mbwa huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, pasikazwe bendeji, na majeruhi afike kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa chanjo, hata alama ikiwa ndogo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufariki.

Bendeji hubadilishwa inapolowa au kuchafuka. Wekundu unaotambaa, usaha, harufu mbaya au homa ni sababu ya kwenda zahanati bila kungoja. Jeraha lililoachama, au lililoingiwa na udongo au samadi, lifikishwe kituoni mapema, na majeruhi aeleze lini alichanjwa pepopunda mara ya mwisho.