Kutengeneza Banio Kuukuu la Mto

Banio ni ukuta unaokatiza mto ili maji yainuke na kuingia mferejini. Katika Wilaya yetu ya Karatu kazi hii yajulikana sana Mang'ola, ambako maji ya chemchemi hunywesha mashamba ya vitunguu karibu na Ziwa Eyasi. Wala si kazi ya jana. Pale Engaruka, chini ya milima ya Ngorongoro, yako mabaki ya mifereji na makonde ya mawe yaliyolimwa tangu karne ya 15 hivi hadi ya 18.

Kwa nini banio kuukuu huleta mafuriko? Maji ya mvua huchukua udongo miteremkoni. Yakifika ukutani hupunguza mwendo na kuutua mchanga. Mwaka baada ya mwaka chini ya mto huinuka, hata mvua kubwa ikija maji hukosa nafasi, yakavuka kingo na kuingia mashambani. Kuongeza kimo cha ukuta hakuponyi ugonjwa huu, bali huuzidisha. Yafaa kufanya haya:

Kwanza, kuzoa mchanga na kuweka lango la mbao la kuinuliwa wakati wa mafuriko, mchanga upite.

Pili, kushusha sehemu ya kati ya ukuta, ili maji mengi yapite hapo yasile kingo.

Tatu, kupanga mawe makubwa upande wa chini, maji yaangukayo yasichimbe msingi.

Nne, kuwapa samaki njia. Kambare hupanda mito mvua zianzapo, ili atage penye majani yaliyofunikwa na maji. Akizuiwa na ukuta, huvuliwa kabla ya kuzaa. Dawa yake ni mteremko wa mawe wenye vidimbwi vya kupumzikia: kwa kila mita 1 ya kimo, urefu wa mita 20.

Mkulima aweza kuuliza, "Je, samaki watanipokonya maji?" La. Njia hiyo hutumika masika, maji yakiwa tele. Kiangazi hupunguzwa kwa ubao, mradi walio chini ya mto wasikaushiwe. Hao nao wana haki, na ndiyo sababu Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yataka kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde.

Maswali
1. Banio lina kimo cha mita 1 na nusu. Njia ya samaki iwe na urefu gani?
2. Kupanda miti miteremkoni Oldeani kwamfaaje mkulima wa Mang'ola?