NENO LILILOTUMWA HALIRUDI



Katika somo la leo tunataka kusemezana juu ya mambo mawili yanayotugusa sisi wote: tamaa ya kwenda kusoma inchi za mbali, na maneno tunayoandika kila siku katika simu. Labda mutauliza: mambo haya mawili yanapatana namna gani? Tuendelee polepole.

Tamaa ya kusoma mbali si mbaya. Wazee wetu walikuwa nayo mbele yetu. Katika mwaka 1952 Thomas Kanza alienda kusoma katika Universite ya Louvain, kule Ubelgiji, na akamaliza mwaka 1956. Wakati ule Wakongomani waliopata nafasi ya namna hii walihesabika kwa vidole. Leo nafasi zimeongezeka. Hata hapa Kindu, kando ya mto Lualaba, mwanafunzi anaweza kushika simu na kusoma tangazo la burusi ya Ubelgiji, ya Uchina au ya Marekani. Lakini simu ile ile inayotuonyesha mlango, ndiyo inayoweza kuufunga.

Sikilizeni habari ya mwenzetu mmoja. Ametukubalia tuiandike, mradi tusitaje jina lake. Alikuwa na akili nyingi, zaidi katika hesabu na kemia. Alipokuwa katika mwaka wa nne wa sekondari, timu ya mtaa wake ilishindwa mupira. Usiku, katika hasira, aliandika kwenye Facebook maneno machafu, si juu ya wachezaji tu, bali juu ya kabila lao lote. Aliandika kwamba hawa si watu. Asubuhi moyo ulimuhukumu, akafuta. Akazani kwamba mambo yameisha.

Hayakuisha. Mtu mmoja alikuwa amepiga picha ya maneno yale na kuyatuma katika kundi moja la WhatsApp, na kundi lile likatuma kwa lingine. Miaka miwili ilipita. Mwenzetu alifaulu mtihani wa Serikali, na alama zake zilikuwa nzuri. Akatayarisha karatasi za burusi, ikabaki barua moja tu: ya mkubwa wa masomo kushuhudia mwenendo wake. Akaenda kwa Bwana Prefe. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akamwambia: «Mwanangu, alama zako ninaweza kuziandika. Lakini barua inaniuliza kama unaweza kukaa vizuri na watu wa kila namna. Maneno yako yalifika kwangu. Siwezi kuandika uongo.» Tarehe ya burusi ikapita.

Hatuandiki haya kwa kumucheka. Nani kati yetu hakuandika jambo la ovyo siku moja? Tunaandika ili tujifunze.

Kwanza, kufuta si kurudisha. Unapotuma neno, kila simu inayolipokea inaweza kuwa na mfano wake. Wewe unafuta ulio wako tu. WhatsApp inakubali kufuta kwa wote, lakini kwa muda mfupi, na picha iliyopigwa na mwingine haifutwi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Pili, watu wa mbali wanasoma. Mwaka 2017, Universite ya Harvard, kule Marekani, ilifuta nafasi za vijana wasiopungua 10 iliokuwa imekwisha kuwakubali, juu ya picha na matani ya matusi waliyotumiana katika kundi la Facebook. Walizani kundi lao ni la siri. Tangu mwisho wa mwezi wa tano 2019, anayeomba viza ya Marekani anaombwa kuandika majina aliyotumia mitandaoni katika miaka 5 iliyopita. Na katika mwezi wa sita 2025 serikali ile iliagiza waombaji wa viza ya masomo wafungue kurasa zao, zionekane na wote.

Tatu, tuangalie wale tunaoandamana nao. Katika mwezi wa nane 2019, kijana mmoja Mpalestina aliyekaa Lebanoni, mwenye miaka 17, alifika Boston akiwa na viza na nafasi ya kusoma Harvard. Alirudishwa. Alieleza kwamba aliulizwa juu ya maneno ya rafiki zake, wala si yake. Baada ya siku kama kumi aliruhusiwa kuingia. Sisi tunaona hii si haki, mtu kubeba maneno ya mwingine. Lakini ni vizuri kujua kwamba jambo hili liko.

Ine, kwetu pia sheria iko. Chuki ya kabila ilikatazwa na sheria ya tarehe 7 mwezi wa sita 1966, zamani mbele ya simu hizi. Sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inaazibu chuki ile hata ikipita katika mitandao.

Basi, tunyamaze kabisa? Hapana. Kusema ukweli juu ya daraja lililovunjika au mwalimu asiyelipwa si kosa. Kosa ni kumutukana mtu na kumunyima utu wake. Mbele ya kutuma tujiulize: ningeweza kusema neno hili mbele ya mwenyewe, na mama yake akisikia? Kama hapana, tuweke simu chini mpaka asubuhi.

Na aliyekwisha kukosa afanye nini? Mwenzetu alienda kwa wakubwa wa wale aliowatukana, akaomba msamaha kwa kinywa chake. Walimusikiliza kwa muda mrefu, na mwishoni wakamupa mkono. Leo anasoma hapa hapa, katika Universite ya Kindu, na anatayarisha tena karatasi zake. Alituambia: «Burusi inaweza kurudi mwaka ujao. Lakini yule mama aliyesoma kwamba mtoto wake si mtu, siwezi kumufanya asiwe amesoma.»

MASWALI YA KUSEMEZANA
1. Juu ya nini kufuta hakukumusaidia mwenzetu?
2. Kama ungekuwa Bwana Prefe, ungeandika barua ile? Eleza.
3. Je, kuko neno uliloandika ambalo linakuomba uende kwa mtu leo?