Somo la Maji: Roboti Ndogo Zinazokagua Mabomba ya Chini ya Ardhi

Bomba kubwa la maji linapopasuka katikati ya barabara, kila apitaye huliona na mafundi huitwa siku hiyo hiyo. Lakini si maji yote yanayopotea ambayo hupotea kwa kishindo. Mengi hutoka kidogo kidogo kupitia maungio yaliyolegea na nyufa nyembamba, yakanywewa na ardhi, na huenda yasionekane juu kwa miaka mingi. Somo hili linaeleza namna uvujaji wa aina hiyo unavyotafutwa, na hasa kazi ya roboti ndogo ambazo katika baadhi ya nchi hutumwa ndani ya mabomba kukagua mahali ambapo jicho na mkono wa binadamu havifiki.

1. UKUBWA WA HASARA

Tuseme tundu moja dogo linavujisha lita 1 kwa dakika. Kwa siku moja zitapotea lita 1,440, yaani ndoo 72 za lita 20. Kwa mwaka mmoja zitapotea lita 525,600. Hilo ni tundu moja, nalo halitoi sauti inayosikika barabarani. Mwaka 2006 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa katika nchi zinazoendelea zilikuwa zikipotea mita za ujazo milioni 45 za maji kila siku kwa sababu ya mabomba kuvuja, kiasi ambacho kingetosheleza watu milioni 200. Nchi tajiri nazo hazikusalimika: huko England na Wales, upotevu umekadiriwa kufikia lita bilioni 3 hivi kwa siku.

Hasara ya pili ni ya afya, nayo ni nzito kuliko ya fedha. Maji yanapokuwa na nguvu ndani ya bomba, huyasukuma machafu yasiingie. Nguvu hiyo inaposhuka, kama inavyotokea panapokuwa na mgao, ufa ule ule uliokuwa ukitoa maji safi hugeuka kuwa mlango wa kuingizia maji machafu yaliyoko ardhini, pamoja na yale yanayotoka kwenye makaro. Kwa visiwa vilivyowahi kuguswa na kipindupindu, kama vile Zanzibar, kuziba ufa wa bomba ni kazi ya tiba kama ilivyo kazi ya ufundi.

2. NJIA ZILIZOTANGULIA

Njia ya zamani kabisa ni ya kusikiliza. Fundi huweka fimbo ya chuma juu ya valvu au bomba, akatega sikio usiku wakati mji umetulia. Maji yanayotoka kwa nguvu katika tundu hutoa mlio, na fundi mzoefu huweza kuutambua.

Baadaye kilibuniwa chombo chenye vitambuzi viwili vinavyowekwa kwenye bomba moja kwa umbali unaojulikana. Mlio hufika mapema kwenye kitambuzi kilicho karibu na tundu. Kwa mfano, vitambuzi vimeachana kwa mita 100, na sauti husafiri katika bomba hilo kwa mita 1,200 kwa sekunde. Ikiwa tofauti ya kufika kwa sauti ni sekunde 0.02, basi tofauti ya umbali ni mita 24. Kwa hivyo tundu liko mita 38 kutoka kitambuzi cha kwanza na mita 62 kutoka cha pili.

Njia hii ni nzuri kwa mabomba ya chuma. Katika mabomba ya plastiki sauti husafiri polepole zaidi na hufifia mapema, na tundu dogo laweza kupita bila kusikika. Aidha, hesabu hiyo hutegemea kujua urefu, njia na aina ya bomba. Ramani ikikosewa, na shimo huchimbwa pasipo. Serikali ya Uingereza ilieleza mwaka 2018 kwamba barabara za nchi hiyo zilikuwa zikichimbwa mara milioni 1.5 hivi kwa mwaka, na kwamba usumbufu wa kazi hizo uliugharimu uchumi zaidi ya pauni bilioni 5.

Kwa mabomba ya maji machafu, mafundi hutumia kamera iliyofungwa kwenye kigari kidogo kinachovuta waya. Waya huleta umeme na kurudisha picha, lakini pia hukifunga kigari. Kadiri kinavyokwenda mbali na kupita kona, ndivyo mzigo wa waya unavyokizuia.

3. ROBOTI ZA NDANI YA BOMBA

Roboti inayojitegemea ni mashine yenye mambo matatu: vitambuzi vya kupokea habari, kompyuta ya kuamua la kufanya, na nguvu yake ya kuendea au njia ya kutumia nguvu ya maji yenyewe. Haihitaji waya wala mtu wa kuiongoza kila hatua. Roboti za kazi hii zaweza kugawanywa katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni la vyombo vinavyochukuliwa na mkondo. Vimo vilivyoundwa kama mpira, ambavyo hubiringika pamoja na maji huku vikirekodi sauti. Vinapopita penye tundu, mlio huongezeka kisha hupungua. Mwaka 2017 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walionesha chombo laini chenye umbo linalofanana na kile kipira cha vinyoya kinachochezewa kwa raketi. Chombo hicho hakitegemei sauti. Penye tundu maji huvutwa kuelekea nje, na pindo la chombo huvutwa nayo kidogo. Mvuto huo ndio unaopimwa. Kilijaribiwa huko Saudi Arabia katika bomba la zamani lenye kutu, mara 14 kwa siku tatu, na kila mara kilimaliza safari yake.

Kundi la pili ni la zile zinazojiendesha kwa magurudumu, miguu au minyororo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Ujerumani walitengeneza roboti iliyoitwa MAKRO, yenye vipande vilivyoungana kama jongoo, ili iweze kupinda katika makutano ya mabomba ya maji machafu bila ya waya. Mwaka 2019 vyuo vikuu vya Sheffield, Birmingham, Bristol na Leeds vya Uingereza vilianza mradi uitwao Pipebots. Fikra ya mradi huo ni kuwa na roboti nyingi ndogo zitakazokaa ndani ya mabomba na kugawana kazi ya ukaguzi, ili kasoro ijulikane kabla haijawa balaa. Watu wa mwambao husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mradi huo unatafuta namna ya kuujua ufa ungali ufa.

4. MAMBO MANNE YANAYOLETA UGUMU

La kwanza ni nishati. Roboti ndogo hubeba betri ndogo, na kupingana na mkondo wa maji hula umeme mwingi. Ndiyo maana vyombo vinavyochukuliwa na maji vilitangulia kuingia kazini.

La pili ni mawasiliano. Mawimbi ya redio hufifia upesi katika udongo wenye majimaji, na hufifia zaidi ndani ya maji. Roboti iliyo katika bomba lililojaa haiwezi kuzungumza na ofisi kama simu ya mkononi. Huhifadhi habari zake na kuzitoa inapotolewa, au hutumia sauti, ambayo husafiri vizuri majini.

La tatu ni kujua ilipo. Ishara za setilaiti hazifiki chini ya ardhi. Roboti huhesabu mizunguko ya magurudumu yake, na hesabu hiyo hukosea kidogo kwa kila hatua. Kosa la asilimia 1 katika safari ya mita 400 ni mita 4. Mita 4 barabarani zaweza kuwa tofauti kati ya kuchimba penye ufa na kuchimba mbele ya mlango wa jirani. Kwa hivyo roboti hulazimika kujisahihisha kwa alama zinazojulikana, kama maungio, valvu na mashimo ya kuingilia mafundi.

La nne ni usalama wa maji yenyewe. Chombo kinachoingia katika bomba la maji ya kunywa lazima kisafishwe kwa dawa ya kuua vijidudu, kisiache mafuta wala vipande, na kisikwame. Roboti iliyokwama ni kizibo, na kizibo hicho hulazimisha kuchimbwa barabara ile ile iliyokusudiwa kuepushwa.

5. MFANO WA CALGARY, KANADA

Tarehe 5 Juni, 2024, bomba kuu la maji la jiji la Calgary lilipasuka. Bomba hilo la zege, lenye kipenyo cha karibu mita 2, lilitandazwa mwaka 1975 na lilikuwa likichukua takriban asilimia 60 ya maji yaliyosafishwa ya jiji lenye watu zaidi ya milioni moja. Wananchi waliombwa kupunguza matumizi kwa asilimia 25, na kumwagilia bustani kukapigwa marufuku.

Nguvu ya bomba la aina hiyo iko katika nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu na kuzungushwa juu ya zege. Nyaya zikikatika moja baada ya nyingine, bomba hubaki likionekana zima mpaka siku linapopasuka. Kusikiliza uvujaji hakutoshi hapo, kwani bomba laweza kudhoofika bila kuvuja tone. Mafundi waliingiza chombo kiitwacho PipeDiver, ambacho huelea pamoja na maji na kupima kwa nguvu ya sumaku-umeme ni nyaya ngapi zimekatika katika kila kipande. Katika sehemu ya zaidi ya kilomita 4, chombo hicho kilionesha mahali patano palipokuwa karibu kupasuka. Matengenezo yaliyodhaniwa kuwa ya shimo moja yakawa ya mashimo sita, na miezi iliyofuata vikagunduliwa vipande vingine vilivyohitaji kutengenezwa.

Mambo mawili yadhihirika. Kwanza, bila ya ukaguzi huo, jiji lingeziba shimo moja, likarudisha nguvu ya maji, na kungojea mpasuko wa pili. Pili, ukaguzi huo ulifanywa baada ya bomba kupasuka. Chombo kilipatikana kwa siku chache. Kilichokosekana ni uamuzi wa kukitia bombani mapema.

6. MAFUNZO KWA VISIWA

Maji ya bomba si jambo geni visiwani. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ndiye aliyeyaleta katika mji wa Zanzibar kutoka chemchemi zilizo nje ya mji. Tangu wakati huo mabomba yameongezwa juu ya mabomba, na kila kizazi cha mafundi kimerithi mengine ambayo hakuyatandaza mwenyewe.

Mazingira ya visiwa hivi yana mambo mawili ya kuzingatiwa. Penye mawe ya matumbawe na mchanga, maji yanayovuja huzama upesi badala ya kupanda juu, hivyo kungojea dimbwi lionekane ni kungojea sana. Na panapokuwa na mgao, chombo kinachotegemea mkondo hakitafaa, kwani mkondo wenyewe huja kwa saa na kuondoka. Roboti iliyobuniwa kwa ajili ya jiji lenye maji usiku na mchana haiwezi kununuliwa na kutumbukizwa tu bila ya kupimwa na hali ya mahali.

Isitoshe, roboti haishiki nafasi ya kumbukumbu nzuri. Zipo hatua zisizohitaji mashine za gharama. Kila bomba linalotandazwa au kufukuliwa liandikwe katika ramani: aina yake, kipenyo, kina na mwaka. Maji yanayoingia mtaani yapimwe baina ya saa nane na saa kumi usiku, wakati wengi wamelala. Mtaa usiotumia maji lakini mita yake inakwenda ndio wa kuchunguzwa kwanza. Hapo ndipo chombo cha kisasa, kikipatikana, kitajua pa kuanzia.

Mwananchi naye ana sehemu yake. Mwenye mita nyumbani afunge mifereji yote, asome mita, angoje saa mbili bila ya kutumia maji, kisha asome tena. Ikiwa namba imesogea, kuna pahala panavuja baina ya mita na mfereji. Sehemu ya ardhi iliyo mbichi wakati wa kiangazi, majani yaliyostawi katika mstari mmoja ilhali ya pembeni yamekauka, au maji yanayotoka na mchanga ni dalili za kuripotiwa kwa mamlaka ya maji bila ya kuchelewa. Kutoboa bomba ili kujiunganishia kienyeji ni kulitia bomba ufa kwa makusudi, na athari yake humfikia jirani kabla ya mwenyewe.

7. MASWALI YA KUJIPIMA

(a) Tundu linavujisha lita 3 kwa dakika. Ni ndoo ngapi za lita 20 zinazopotea kwa siku?

(b) Vitambuzi viwili vimeachana kwa mita 80. Sauti husafiri kwa mita 1,000 kwa sekunde, na tofauti ya kufika ni sekunde 0.03. Tundu liko mita ngapi kutoka kitambuzi kilicho karibu?

(c) Kwa nini bomba lenye ufa ni hatari zaidi kwa afya wakati nguvu ya maji inaposhuka?

(d) Eleza kwa nini bomba la Calgary lisingeweza kuokolewa kwa kusikiliza uvujaji peke yake.

Majibu ya hesabu: (a) ndoo 216, (b) mita 25.