Vikumbusho Badala ya Kukariri: Kutoka Herufi za Kijapani hadi Ngeli za Kiswahili Mosocho

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya aghalabu hukutana na ngeli kwa mara ya kwanza zikiwa orodha: A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I, U-ZI, I-ZI na nyinginezo. Huimba orodha hiyo darasani, huinakili daftarini na huirudia hadi ulimi uizoee. Hata hivyo, mwanafunzi huyohuyo anayeitaja orodha nzima bila kusita huweza kuandika katika insha yake: *ng'ombe imelala*. Amehifadhi majina ya ngeli, lakini hakuhifadhi kazi yake. Makala haya yanachunguza tatizo hilo kwa kumrejelea mwanafunzi wa Mosocho, karibu na mji wa Kisii, ambaye huja shuleni akiwa na Ekegusii kama lugha ya kwanza. Hoja ya msingi ni kwamba kikumbusho kilichojengwa juu ya jambo analolijua mwanafunzi hufaa kuliko kukariri kwa kurudiarudia, ila kikumbusho hicho nacho kina mipaka ambayo mwalimu sharti aionyeshe. Ili kuifafanua hoja hii, makala yanaanza mbali kidogo, katika lugha ambayo mzigo wake wa kukumbuka unajulikana kote: Kijapani.

Mfano wa herufi za Kijapani

Anayejifunza kuandika Kijapani hukabiliwa na mifumo mitatu kwa pamoja. Hiragana ina herufi 46 za msingi, katakana nayo ina 46, na juu ya hizo kuna kanji, yaani herufi za asili ya Kichina. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, tangu iliporekebishwa mwaka 2010, ina herufi 2,136. Njia ya jadi ni kuandika kila herufi mara nyingi hadi mkono uizoee. Njia ya pili ni kuipa kila herufi kikumbusho, yaani picha au kisa kinachounganisha umbo lake na sauti au maana yake.

Msemaji wa Kiswahili anaweza kujitungia vikumbusho hivyo bila kuazima vya Kiingereza. Herufi く husomwa *ku*, na umbo lake ni kama mdomo wa kuku uliofunguka. Herufi へ husomwa *he*, nayo imesimama kama hema. Herufi し husomwa *shi*, na mkunjo wake ni wa ndoana inayoshika samaki. Katika mifano yote mitatu, neno la Kiswahili linabeba sauti na umbo kwa wakati mmoja. Kwa upande wa kanji, 木 ni mti. Ikiandikwa mara mbili, 林, ni kijisitu. Mara tatu, 森, ni msitu. Mtu aliyeegemea mti, 休, ni kupumzika.

Mnamo mwaka 1977 James W. Heisig alichapisha kitabu kilichoieneza mbinu hii miongoni mwa wageni wanaojifunza kanji. Alizigawa herufi katika vijenzi vidogo, akakipa kila kijenzi jina, kisha akaviunganisha vijenzi kwa visa. Ikumbukwe kwamba katika hatua ya kwanza mbinu yake hufunza maana na uandishi pekee. Matamshi huachwa kwa baadaye. Hili ni funzo muhimu: kikumbusho hubeba kile tu kilichowekwa ndani yake.

Ushahidi wa kitaaluma nao una pande mbili. Atkinson na Raugh (1975) waliwafundisha wanafunzi maneno 120 ya Kirusi. Waliotumia neno la lugha yao kama daraja la sauti na picha walikumbuka asilimia 72 ya maneno hayo katika mtihani wa mwisho, ilhali wenzao ambao hawakufunzwa mbinu hiyo walikumbuka asilimia 46. Kwa upande mwingine, Wang, Thomas na Ouellette (1992) walionyesha kwamba maneno yaliyojifunzwa kwa njia hiyo huweza kusahaulika haraka. Kwa hiyo, kikumbusho hufungua mlango. Matumizi ya mara kwa mara ndiyo yanayomkalisha mgeni ndani.

Hazina ya mwanafunzi wa Mosocho

Ikiwa siri ya kikumbusho ni kuegemea kinachojulikana, basi mwanafunzi wa Mosocho ana hazina kubwa. Ekegusii, kama Kiswahili, ni lugha ya Kibantu, na ina ngeli. Mtoto asiyejua hata neno *ngeli* huzitumia kila siku nyumbani. Tazama mifano ifuatayo:

*omonto – abanto* (mtu – watu)
*omote – emete* (mti – miti)
*egento – ebinto* (kitu – vitu)
*eriso – amaiso* (jicho – macho)
*enyomba – chinyomba* (nyumba – nyumba)

Mifano hii inatatua utata unaowasumbua wengi. Maneno *mtu* na *mti* yote huanza kwa *m-*. Mwanafunzi atajuaje kwamba moja ni la A-WA na jingine ni la U-I? Katika Ekegusii pia yote mawili huanza kwa *omo-*, lakini wingi huyatenganisha: *abanto* kwa upande mmoja, *emete* kwa upande mwingine. Kikumbusho ni hiki: penye *aba-* weka *wa-*, penye *eme-* weka *mi-*. Vivyo hivyo *ebi-* huelekeza kwenye *vi-*, na *ama-* kwenye *ma-*. Mwanafunzi hahitaji kuimba chochote; anahitaji kuonyeshwa kwamba alichokuwa nacho ndicho anachoulizwa.

Inafaa pia kueleza kwa nini mtoto husema *ekerogo* (kiti) lakini *egetabu* (kitabu). Kiambishi ni kimoja. Sauti *k* hugeuka *g* silabi inayofuata inapoanza kwa konsonanti isiyo ghuna. Wanaisimu huiita kanuni hii Sheria ya Dahl. Asipoelezwa, mwanafunzi huweza kudhani kuwa hizo ni ngeli mbili.

Mahali daraja linapokatika

Hatari ya kikumbusho ni kukiamini kupita uwezo wake. Katika Ekegusii, *esese – chisese* (mbwa) na *eng'ombe – chiombe* (ng'ombe) hufuata upatanisho wa ngeli yao, sawa na *enyomba*. Kiswahili sanifu hakifanyi hivyo: mnyama, ndege, mdudu na samaki wote huchukua upatanisho wa A-WA, bila kujali umbo la nomino. Hapa ndipo chimbuko mojawapo la *ng'ombe imelala*. Kosa hilo si uvivu. Ni mantiki ya Ekegusii iliyovuka mpaka bila kibali.

Kikumbusho kingine kinahitajika mahali hapa. Sauti *a* ni sauti ya kutoa pumzi. Basi mtu au mnyama mwenye pumzi apewe *a-*. Jozi moja inatosha kuonyesha nguvu ya kanuni hii: *kiboko amezama mtoni*, lakini *kiboko kimevunjika*. Nomino ni ileile kwa umbo. Wa kwanza ni mnyama, cha pili ni mjeledi.

Tofauti nyingine iko katika viungo vya mwili. Ekegusii huweka *okogoro – amagoro* (mguu – miguu) na *okoboko – amaboko* (mkono – mikono) katika ngeli ya *oko-*. Katika Kiswahili, KU ni ya vitenzi-jina kama *kusoma*, na viungo hivyo viwili vimo katika U-I. Mwalimu ayaorodheshe maneno haya kama wageni wa kuangaliwa kwa makini.

Hitimisho

Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike kufundishia katika madarasa ya chini ya shule ya msingi. Aghalabu pendekezo hilo husomwa kama ngazi ya kupandia kisha kuachwa. Mjadala huu unaonyesha kwamba lugha ya kwanza inaweza kuendelea kufanya kazi hata ndani ya somo la Kiswahili lenyewe. Hatua tatu zinapendekezwa kwa mwalimu: kwanza, awaombe wanafunzi wataje umoja na wingi wa nomino kwa Ekegusii kabla ya kuwapa jedwali la ngeli; pili, awaonyeshe waziwazi mahali lugha hizo mbili zinapoachana; tatu, awape sentensi nyingi za kutunga, kwa kuwa kikumbusho kisichotumika hufifia.

Anayesema kwamba watoto wa Mosocho huharibiwa Kiswahili na lugha ya mama ameangalia daraja pale lilipokatika tu. Sehemu kubwa ya daraja hilo bado imesimama, na mtoto hulivuka kila siku.